Sugu Begani

Kipande kile nilikaa nacho siku tisa.

Kilikuwa na urefu wa sentimita tano hivi, upana kama kidole gumba changu, wembamba kama kadi ya benki. Rangi yake ilikuwa ya maziwa yaliyolala. Nilikuwa nafuta vumbi kwenye piano ya ukumbi wa chakula, zamu ya asubuhi, kabla wazee hawajashuka kunywa kahawa, kitambaa kikanasa mahali na kipande kikatoka nacho. Nilikiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ndani yake kulikuwa na mistari myembamba inayopishana, kama alama za kidole. Plastiki haina mistari hiyo. Nikakitia mfukoni mwa sare yangu nikaendelea kufuta.

Nilipaswa kumpa Bwana K. siku ileile, kwa sababu kila mtu katika nyumba ile ya wazee alijua kwamba piano ni yake. Si kwa maandishi. Ilikuwepo kabla yeye hajaja, na mtu aliyeitoa alishasahaulika. Lakini Bwana K. alikuwa fundi wa piano maisha yake yote, na hakuna mwingine aliyekuwa akiifungua kifuniko na kuikagua kama daktari anayemwambia mgonjwa atoe ulimi.

Mimi nilifika Leipzig kwa mafunzo ya uuguzi, miaka mitatu, nusu darasani, nusu kazini. Nyumbani ni Tabora. Piano ya kweli sikuwahi kuigusa. Kanisani kwetu kulikuwa na kinanda cha umeme kilichozimika kila TANESCO walipotukatia. Kwa hiyo yote ninayoyajua kuhusu piano niliyapata nikiwa nimepiga magoti, namvisha Bwana K. soksi. Kuvisha soksi miguu iliyovimba huchukua muda, na yeye aliujaza muda huo kwa historia.

Alianza kwa kunisahihisha. Nilidhani piano ni kitu cha Wajerumani. Hapana, alisema, ni cha Mwitaliano, Bartolomeo Cristofori wa Florence, karibu mwaka 1700. Kabla yake kulikuwa na kinanda ambacho nyuzi zake zilidonolewa, na ukibonyeza kwa nguvu au kwa upole sauti ilikuwa ileile. Cristofori akaweka nyundo ndogo zinazopiga uzi na kurudi haraka, ili uzi ubaki huru kulia. Hapo mkono wa mtu ukaanza kusikika, hasira yake na huruma yake.

"Waitaliano walikibuni," Bwana K. alisema. "Sisi tulikaa nacho chini."

Aliyekaa nacho chini wa kwanza kwao ni Gottfried Silbermann, mtengenezaji wa oga za kanisani kutoka Freiberg, si mbali na Leipzig. Alitengeneza piano miaka ya 1730 akampelekea Johann Sebastian Bach aijaribu. Bach akasema vibonyezo ni vizito na sauti za juu ni dhaifu. Silbermann alikasirika, lakini alirudi karakana na kurekebisha. Mwaka 1747 Bach alikwenda Potsdam kwa mfalme Friedrich, akazikuta piano za Silbermann zimejaa kwenye jumba la kifalme, akazipiga. Bwana K. aliipenda hadithi hiyo kuliko zote. Nadhani aliipenda kwa sababu shujaa wake ni fundi aliyekubali kuambiwa kazi yake ina kasoro.

Baadaye akaja Johann Andreas Stein wa Augsburg, ambaye Mozart alimsifu katika barua kwa baba yake mwaka 1777, kwa sababu nyundo za piano zake ziliachia uzi mara moja na sauti haikubaki ikivuma ovyo. Binti yake Stein, Nannette, aliichukua kazi ya baba akaihamishia Vienna mwaka 1794, na Beethoven akawa mteja na rafiki yake. "Mwanamke," Bwana K. alisema, akininyooshea mguu wa pili. "Karne ile. Na mikono yake ilijua kuliko ya wanaume."

Lakini mwaka aliousema kwa sauti ya sikukuu ni 1853. Mwaka huo mmoja Julius Blüthner alifungua karakana hapohapo Leipzig akiwa na wafanyakazi watatu. Carl Bechstein alianza Berlin. Na ng'ambo ya bahari, New York, Heinrich Steinweg, seremala wa Seesen aliyekuwa amehama na familia yake miaka mitatu kabla, alianzisha kampuni kwa jina lililosemeka Kiingereza: Steinway. Mwaka 1880 kampuni hiyo ilirudi Ujerumani kwa mlango mwingine, ikajenga kiwanda Hamburg. Bwana K. mwenyewe aliingia kiwandani kama mwanagenzi mwaka 1953, ana miaka 15. Miaka 100 kamili. Aliona kama alikuwa amepangiwa.

"Unajua ndani ya piano kuna nini?" aliniuliza siku moja. Nikasema nyuzi. "Kuna ugomvi," akasema. Nyuzi zaidi ya 200, kila moja inavutwa, na ukijumlisha nguvu yote inafika karibu tani 20. Fremu ya mbao peke yake ingepinda. Ndiyo maana karne ya 19 fremu zikawa za chuma cha kumimina, na ndipo piano ikapata sauti ya kujaza ukumbi mkubwa. Nyuma ya nyuzi kuna ubao wa sauti, wa mti wa sprusi uliokua polepole kwenye baridi ya mlimani, mistari yake imebanana. Ubao huo ndio unaoimba. Chuma kazi yake ni kuzuia vita.

Mbao alinieleza. Chuma alinieleza. Nyuzi, gundi, sufu iliyoshindiliwa kwenye vichwa vya nyundo, vyote alinieleza. Siku moja nikamuuliza: "Na hivi vyeupe vya juu?"

"Elfenbein," alisema, akaendelea na jambo jingine.

Usiku nililitafuta neno hilo. Nikikata vipande vyake, Wajerumani wanasema mfupa wa tembo. Sisi tunasema pembe. Ajabu ni kwamba si mfupa na si pembe. Ni jino. Lugha mbili, na zote mbili zimekwepa kutaja kinywa lilimong'olewa.

*

Kwetu kuna hadithi moja inayosimuliwa kwenye misiba, wakati wa kungoja chakula. Babu wa babu yangu alikuwa na nundu begani, upande wa kushoto, ngumu kama kwato. Watoto walikuwa wakiigusa kwa zamu. Ilikuwa sugu ya pembe. Alikuwa pagazi wa njia ya Tabora kwenda Bagamoyo.

Nilikuwa nimeisikia mara nyingi hadi haikuniambia chochote. Sasa nilikuwa na kipande mfukoni, na kila nilipoingiza mkono kutafuta kalamu au glavu nilikigusa. Nilianza kusoma usiku, baada ya zamu, miguu yangu ikiwa kwenye beseni la maji ya moto.

Nilijifunza kwamba wafanyabiashara wa Hamburg walifika Unguja mapema kuliko bendera ya Ujerumani. Kampuni ya O'Swald ilifungua ofisi huko mwaka 1849, miaka minne kabla ya mwaka ule wa sikukuu wa Bwana K. Walinunua kauri, karafuu, ngozi, pembe. Hamburg kwenyewe alikuwepo Heinrich Adolph Meyer, aliyetajirika kwa kuchonga na kuuza pembe za ndovu. Wanunuzi waliipenda pembe ya Afrika Mashariki kwa sababu ni laini, hukatwa vizuri na haipasuki haraka. Piano ilipoacha kuwa chombo cha mabwana ikawa samani ya sebule ya kila mwalimu na mwenye duka wa Ulaya na Marekani, kila moja ilihitaji safu nzima ya vibonyezo vyeupe. Kila kibonyezo kilivishwa vipande viwili vya pembe, kimoja mbele na kimoja nyuma, vikikutana kwenye mstari ambao lazima uujue ndipo uuone.

Nilisoma pia kwamba Richard Burton, aliyepita njia ya Tabora mwaka 1857, aliwaona wabeba pembe wakitembea kwa madaha kuliko wapagazi wengine, na kengele ya ng'ombe imefungwa kwenye ncha ya pembe. Hapo niliacha kusoma kwa muda. Pembe ile ilikuwa ikitoa mlio tangu njiani, kabla haijafika kwa fundi yeyote.

Sikusema lolote kwa Bwana K. Kila asubuhi nilimvisha soksi. Alinisimulia usiku wa Desemba 1943, alipokuwa na miaka mitano na mbingu ya Leipzig ikawa nyekundu kwa mabomu. Kiwanda cha Blüthner kiliungua usiku huo. Alinisimulia piano ya alumini ambayo kampuni hiyohiyo iliitengeneza mwaka 1936 kwa ajili ya meli ya angani Hindenburg, nyepesi na imevishwa ngozi ya nguruwe, nayo pia iliishia kwenye moto wa mabomu. Alinisimulia jinsi mwaka 1972 serikali ya Ujerumani Mashariki ilivyovichukua viwanda binafsi vilivyobaki, na jinsi piano walizotengeneza zilivyouzwa nje kutafuta fedha za kigeni, huku mtu wa Leipzig akingoja zamu yake. Sehemu nyingine hakuzisimulia. Kwamba Helene Bechstein, mke wa mrithi wa kampuni ya Berlin, alikuwa mmoja wa matajiri waliomfungulia Hitler milango ya sebule zao, hilo nililisoma mwenyewe. Nami nilikuwa na langu nisilolisimulia. Tulikuwa sawa.

Siku ya saba alikigundua kibonyezo kilicho uchi.

*

Hakupiga kelele. Aliita tu muuguzi mkuu, akamwonyesha kwa kidole mbao iliyokuwa wazi, ya rangi ya biskuti, katikati ya vibonyezo vyeupe. Muuguzi mkuu akauliza nani anasafisha pale. Mimi nilikuwa chumba cha pili, mlango wazi, nakunja mashuka. Nikamsikia mtu akijibu kwamba ukumbi husafishwa na mama wa usafi.

Mama huyo ni Mvietnam, mtu wa makamo, alikuja nchi ile tangu enzi ya Ujerumani Mashariki. Alikuwa akiniachia tangawizi kwenye kabati langu bila kusema. Nilimwona akiitwa. Nilimwona akitikisa kichwa, mikono yake imekamatana mbele ya aproni. Hakushutumiwa, hakuna aliyetumia neno hilo. Aliulizwa tu. Lakini kuulizwa nako kuna uzito wake, na mgeni anaujua.

Ningeweza kutoka pale pale na kusema. Sikutoka. Nilifikiria kibali changu cha kukaa, mtihani wangu wa mwaka wa pili, mama yangu aliyekopa Saccos nauli yangu ya ndege. Na chini ya hayo yote kulikuwa na jambo ambalo sikuwahi kulisema hata moyoni: niliona kipande kile ni changu. Niliona kama nimekirudisha, sikukiiba. Lakini urithi gani huo, ambao ili niushike lazima mama mwingine asimame mbele ya ofisi na mikono imekamatana?

Usiku nilimpigia shangazi Tabora.

"Mwangaluka, shangazi. Nisamehe, najua huko kumekucha hivi punde."

"Mwanangu, nimeshalisha kuku. Sema."

Nikamwambia nataka kujua habari za yule babu wa nundu. Nikamwambia nataka kumweleza mzee mmoja wa hapa jinsi wazee wetu walivyokamatwa wakabebeshwa pembe kama punda.

Alikaa kimya kidogo. "Nani amekwambia alikamatwa?"

"Si alikuwa mtumwa wa msafara?"

"Ebu shika adabu," shangazi alisema, na nilijua ameketi wima. "Watumwa walikuwepo njia ile, na waliteseka, Mungu awarehemu. Babu yako alikuwa pagazi. Alipatana ujira, akalipwa kwa merikani, akarudi kwao akaoa. Kijana wa Kinyamwezi ambaye hajafika pwani alionekana bado mtoto. Yeye alikwenda mara nne. Aliacha reli ilipofika Tabora, kwa sababu reli haihitaji bega. Usimfanye mnyonge ili Mzungu wako akuonee huruma."

Nikamuuliza alibeba uzito gani. Akasema hajui kwa kilo. Wazee walihesabu kwa frasila, na mtu mzima mwenye nguvu alibeba mbili, bila kuhesabu mkeka, chungu na chakula chake. Frasila moja ni kama kilo 16. Nilipiga hesabu nyuma ya daftari la anatomia. Kilo 32, zaidi ya kilomita 800, miezi miwili au mitatu ya kutembea.

*

Asubuhi nilikwenda kwanza kwa mama wa usafi. Nilimwonyesha kipande nikamwambia kilikuwa kwangu siku zote. Aliniangalia kwa muda ambao niliustahili. Kisha akasema kwa Kijerumani, "Sasa nenda ukawaambie wao," akainua ndoo yake. Tangawizi haikurudi kabatini hadi mwezi uliofuata.

Muuguzi mkuu aliandika jambo kwenye faili langu. Nilitia saini. Halafu nikapanda ghorofani.

Bwana K. alinyoosha kiganja nikakiweka kipande hapo. Alikigeuza kwenye mwanga kama nilivyofanya mimi. Nilimweleza yote: mfukoni, siku tisa, mama wa usafi. Na nilimweleza habari za babu, lakini kama shangazi alivyonielekeza: kazi, ujira, pwani mara nne, nundu. Nilisema kwamba siwezi kujua kama pembe hii ilipita kwenye bega lake au la mtu mwingine. Namba iliyo ndani ya piano, ambayo Bwana K. mwenyewe alishanisomea, ilionyesha kwamba ilitengenezwa mwaka 1896. Babu alikuwa njiani miaka hiyo.

Nilingoja aseme pole. Au aseme, hayo ni ya zamani. Nilikuwa nimeandaa jibu kwa yote mawili.

Akauliza: "Alibeba kilo ngapi?"

"Thelathini na mbili. Labda."

"Bega moja?"

"Akibadilisha. Lakini la kushoto ndilo lililoota sugu."

Alitikisa kichwa polepole, jinsi nilivyomwona akitikisa alipomtaja Silbermann. Kisha akanionyesha kidole chake cha shahada, ubavuni, mahali patasi ilipokaa miaka 45. Ngozi bado ilikuwa imekufa pale. Nilitaka kuguswa na kitendo hicho, na nusu yangu iliguswa. Nusu nyingine ilihesabu. Sugu yake ilikuja na pensheni, na chumba chenye dirisha la kusini, na binti wa watu wa kumvisha soksi. Na juu ya piano ile, ndani ya kifuniko, kuna jina la mwenye kiwanda kwa herufi za dhahabu, nusu limefutika lakini lipo. Jina la aliyeibeba pembe halikuandikwa popote, hata kwetu. Shangazi anamwita "yule wa nundu."

Nilimwambia hivyo. Kijerumani changu kilikwama mara mbili.

"Jina langu pia halimo ndani ya piano hata moja," alisema. Akafikiri. "Lakini mimi najua zilipo. Yeye hakujua." Hakuongeza neno.

Alasiri tulishuka na kiti cha magurudumu. Alikuwa amemtuma mwanawe alete gundi. Mikono yake inatetemeka, kwa hiyo ya kazi ilikuwa yangu. Pembe, alinifundisha, inapitisha mwanga. Ukiibandika moja kwa moja juu ya mbao, mbao itaonekana chini yake kama mshipa. Lazima gundi iwe nyeupe. Lazima ukwangue gundi ya zamani yote, mpaka kona, na usiharakishe. Halafu ubane, na uache usiku kucha.

Nilimuuliza kwa nini tusiweke plastiki tu, kama piano zote mpya. Tangu 1989 nchi zilizomo kwenye mkataba wa CITES zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu. Hakuna kiwanda cha maana kinachoitumia tena, na wapigaji wamezoea. "Kwa piano mpya, plastiki, bila shaka," alisema. "Tembo wapumzike. Lakini hii ilishabebwa."

Nikakwangua, nikapaka, nikabana.

Kesho yake alinituma nikapapase. Nilipitisha kidole kutoka kushoto kwenda kulia, vibonyezo vyote vyeupe, na kwenye kile kimoja kidole kikagonga. Kona ya kulia imekaa juu kidogo, kama unene wa karatasi. Nilimwambia nimekosea, nifungue nirudie. Alipapasa naye kwa kidole chake kilichokufa ngozi, hakusikia kitu, akapapasa kwa kingine.

"Iko juu," alisema. "Wewe unataka kurudia?"

Nilifikiria. Ukumbini walikuwa wanaanza kuingia kunywa kahawa. Mama wa usafi alikuwa anapanga viti bila kututazama.

"Hapana," nikasema.

Nimeshamaliza mafunzo na kuhamia hospitali nyingine. Piano bado ipo. Ukipita hapo siku moja, usihangaike kutafuta kwa macho. Papasa.